Kabla hujatuletea ile "Callot" uliyookota mnadani

Siku hizi haipiti wiki bila mtu kuingia chumba chetu cha chapa (michoro iliyochapwa kwa bamba la shaba) na bahasha mkononi, kapata chapa ya Callot, yule mchoraji wa karne ya 17, soko la mitumba, anataka bei. Ndugu zangu mlioko huku Ulaya, bei hatutaji, sisi ni makumbusho sio madalali, na ukimbana dada wa mapokezi jina lako linaingia kwenye rejista, ukirudia miadi yako inafutwa miezi 6, rufaa ipo ila kwa fomu yenye saini na nakala ya kitambulisho.

Halafu hili mnalotuambia, kwamba zile chapa za ombaomba sio zake kwa kuwa "yeye alikuwa mtu wa ikulu", tuliache jamani. Mkono ni uleule. Jacques Callot alikuwa mtu wa Nancy, mji wa Lorraine ambayo leo ni Ufaransa, akafanya kazi Florence, Italia, kwa mtawala wa huko Cosimo II de' Medici, mwaka 1616 akachora zile sherehe za uwanjani, magari ya maonyesho marefu kama nyumba, farasi wanazunguka kwa mpangilio na watu wamejazana pembeni wadogo kama siafu. Cosimo akafariki 1621, Callot akarudi kwao, na ndipo zikaja zile 25 za ombaomba, kipande kimoja hakizidi kiganja sana. Wengi ni mmoja mmoja, na nyuma yao kwa kawaida patupu, hakuna nyumba hakuna mtaa, matambara tu na fimbo. Mwaka 1627 huyohuyo anachora mashindano ya ikulu ya Nancy ambapo mtawala wa Lorraine, Charles IV, anaingia kajifanya Jua!

Sasa angalia ile ya kwanza ya ombaomba. Jamaa kabeba bendera iliyochanika, imeandikwa Capitano de Baroni, kapteni wa mabaroni, na neno hilo kwa Kiitaliano cha wakati ule lilimaanisha pia walaghai. Yaani na wao wana gwaride lao na mshika bendera wao. Kwangu mimi hapo anaitania ikulu iliyomlisha, ingawa kwenye maelezo rasmi ya ukutani hutaona tumeandika hivyo.

Kuhusu orijino. Kuwepo nyingine kama yako hakuifanyi yako feki, bamba la shaba linachapa nyingi na mabamba yake yaliendelea kuchapwa baada ya yeye kufa 1635, ndiyo maana nyingine mistari imefifia. Angalia mstari wenyewe, alipaka bamba vanishi ngumu ya mafundi wa vinanda vya nyuzi na chombo chake cha kuchorea kilikatwa mshazari, kwa hiyo mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unakonda tena. Waliomuiga ni wengi, na ukikuta mtu wako anatazama upande wa pili kuliko kwenye katalogi ya chapa zake, mara nyingi ni nakala.

Wanaotaka kupeleka zawadi Dar au Nairobi: chapa yenye zaidi ya miaka 50 na thamani inayozidi euro 15,000 haitoki Umoja wa Ulaya bila kibali, kibali kinaombwa kabla ya safari sio eapoti, na adhabu kila nchi ina zake. Moja ya ombaomba kwa kawaida haifiki huko hata kidogo, kwa hiyo tusipigiane simu usiku.

Miadi ni siku 10 kabla. Mikono ioshwe, glavu hatutaki, penseli tu, kalamu ya wino ikionekana mezani kikao kinaishia hapo.