Kipokezi cha homoni ni nini, na kinahusianaje na PCOS?

Binamu yangu alinionyesha karatasi ya maabara tukiwa kibandani Ngara, Nairobi, chai inapoa. Testosteroni: kawaida. Kidevuni ana nywele ngumu anazozing'oa kwa kibano kila Jumapili usiku, na hedhi yake huja mara nne au tano kwa mwaka. Daktari alikwisha kumwambia ana PCOS (polycystic ovary syndrome), ugonjwa wa homoni unaovuruga hedhi na utokaji wa yai. "Sasa mbona hii inasema niko sawa?"

Jibu la kwanza ni la hesabu. Kipimo cha kawaida huhesabu testosteroni yote, hata ile iliyoshikwa na protini kwenye damu ambayo haifanyi kazi. Inayofanya kazi ni iliyo huru. Kwenye PCOS, insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, ikiwa juu hupunguza protini hiyo, basi testosteroni huru huongezeka na jumla isishtue mtu. Jibu la pili husahaulika zaidi: homoni peke yake haifanyi lolote mpaka ipate wa kuipokea.

Fikiria makanga akigonga bodi ya matatu. Homoni ni kile kishindo, kipokezi ni sikio la dereva. Yuko dereva anayeshika breki kwa kofi moja, na yuko anayengoja mpaka abiria wote wapige kelele "shukisha!" Makanga ni yule yule. Kipokezi ni protini iliyo kwenye ukuta wa seli au ndani yake, hushika homoni ya aina yake na kuiamsha seli. Hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na maelekezo hayo hayafanani herufi kwa herufi kati yako na jirani yako. Hizo ndizo tofauti za kijeni. Nyingi si ugonjwa.

Chukua kipokezi cha androjeni, yaani testosteroni na wenzake, homoni ambazo watu huziita za kiume ingawa kila mwanamke anazo. Mwanzoni mwa jeni yake, herufi tatu, CAG, hujirudia mfululizo: huyu mara 15, yule mara 25. Marudio yakiwa machache, kipokezi huitikia kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo wanawake wawili wenye testosteroni sawa wanaweza kutofautiana, mmoja akaota ndevu na mwenzake asiote. Lakini jeni hii iko kwenye kromosomu ya X, na mwanamke ana X mbili; kila seli huzima moja, si lazima iwe ile ile. Mambo yanachanganyika hapo, na tafiti zilizotafuta uhusiano wa marudio haya na PCOS zimepata majibu yanayopingana. Mimi nakiona kipokezi hiki kama cha kukoleza dalili, si cha kuleta ugonjwa.

Ovari nazo husikiliza. Homoni ya FSH, itokayo kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, hukuza vifuko vya mayai mpaka kimoja kikomae na kuachia yai. Kwenye kipokezi cha FSH, asidi amino (kiungo kimoja katika mnyororo wa protini) namba 680 huwa asparajini kwa wengine na serini kwa wengine. Wenye serini katika nakala zote mbili za jeni mara nyingi huhitaji FSH zaidi ili ovari ziitike, jambo lililoonekana kwa wanawake wanaotafuta mtoto kwa IVF, yaani yai kurutubishwa maabara. Kwenye PCOS vifuko vingi huanza kukua, kisha hukwama vikiwa na milimita 2 hadi 9. Ndivyo vile vidoa vya kwenye skani. Si uvimbe, na jina la ugonjwa, lenye neno "cyst" ndani yake, limewatisha watu bure.

Mwaka 2011 watafiti nchini China walilinganisha jeni za maelfu ya wanawake, wakapata maeneo matatu yanayohusiana na PCOS, moja likiwa kwenye jeni ya kipokezi cha homoni ya LH, ile inayochochea yai kutoka. Mwaka uliofuata wakaongeza mengine, yakiwemo ya vipokezi vya FSH na insulini. Kila tofauti huongeza uwezekano kidogo tu. Tafiti nyingi za namna hii ni za Asia na Ulaya, wanawake wa Afrika ni wachache humo, kwa hiyo matokeo yake yasibebwe mazima mazima hadi Nairobi. Insulini nayo ina kisa chake: mara nyingi kipokezi hakina neno, hitilafu iko hatua inayofuata. Dereva amesikia, breki ndizo hazishiki.

Binamu aliuliza kama alipie kipimo cha jeni. Tangu vigezo vya Rotterdam vya 2003, ambavyo wataalamu walikubaliana katika mkutano mjini humo, PCOS hutambuliwa kwa mambo mawili kati ya matatu, baada ya daktari kuondoa magonjwa mengine: yai kutotoka kwa mpangilio, androjeni nyingi, na ovari zenye vifuko vingi. Kipimo cha jeni hakimo. Na nywele za kidevuni huhesabiwa kama dalili ya androjeni hata damu ikisoma kawaida. Nilimwambia hiyo pesa akapimie sukari.