Interpolesheni hairudishi ambacho hakikupimwa

Kuna sentensi moja kuhusu picha za CT, zile za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Huja hivi: "Vipande vilikuwa vya milimita 5, lakini tumevifanyia interpolesheni hadi milimita 1, kwa hiyo sasa hata vinundu vidogo vinaonekana." Husikika kwenye semina, kwenye utetezi wa tasnifu, na kwa wauza programu za kuchora viungo vya mwili. Nusu yake ya kwanza haina tatizo. Ni hiyo "kwa hiyo" inayonikera.

Interpolesheni ni kukadiria thamani ya mahali ambapo hapakupimwa, kwa kutumia thamani za majirani waliopimwa. Basi. Picha ya CT ni jedwali la namba, kwa kawaida 512 kwa 512, na kila namba hueleza tishu ya hapo inazuia eksirei kiasi gani kwa kipimo cha Hounsfield: hewa -1000, maji 0, mfupa mamia kwenda juu. Ukiikuza picha, ukiizungusha au ukiikata kwa upande mwingine, nukta mpya zinaangukia katikati ya zile za zamani, na lazima zipewe namba. Njia ya jirani wa karibu hunakili namba ya nukta iliyo karibu zaidi. Njia ya mstari hutoa wastani unaozingatia umbali: nukta 4 kwenye picha bapa, 8 kwenye mchemraba. Njia ya kyubiki, ambayo toleo lake moja maarufu lilielezwa na Robert Keys mwaka 1981, hutazama nukta 16 au 64 na kupitisha mkunjo kati yake. Ziko nyingine, lakini kwa ugomvi wa leo hizo tatu zinatosha.

Ugomvi wenyewe ni kwamba watu wanachanganya nafasi kati ya vipande na unene wa kipande. Nafasi unaweza kuibadilisha ukiwa umekaa kwenye kompyuta yako. Unene ulishaamuliwa picha ilipotengenezwa.

Chukua kinundu cha milimita 2 ndani ya pafu. Tuseme tishu yake ni +40, na pafu lenye hewa linalokizunguka ni -850. Kipande cha milimita 5 hakionyeshi tabaka jembamba la katikati yake. Kinachanganya milimita zote 5 na kutoa wastani. Pale kinundu kilipo kinene zaidi, sehemu mbili kati ya tano ni kinundu na tatu ni pafu: 16 toa 510, inabaki -494. Hiyo ndiyo namba iliyohifadhiwa. Kipande cha juu yake kina -850, cha chini -850. Sasa jaza kila milimita kwa njia ya mstari: -850, -779, -708, -636, -565, -494, halafu unarudi ulikotoka kwa hatua zile zile. Ile +40 haimo popote. Kinundu cha milimita 2 kimekuwa wingu hafifu lenye urefu wa karibu milimita 10, na atakayekipima kwenye picha ya kutazama kutoka mbele atapima wingu. Ukisukuma chapati ikawa pana, unga ni ule ule.

Kipande cha milimita 1 kilichojengwa kutoka data ghafi ya mashine, yaani vipimo vyenyewe kabla havijawa picha, ni habari nyingine kabisa. Mashine nyingi za sasa zina vihisi vyembamba chini ya milimita 1, na zile milimita 5 ni uamuzi wa mtu tu, ili picha ziwe chache na zisiwe na chengachenga. Data ghafi ikiwa bado ipo, fundi anaweza kujenga vipande vyembamba bila mgonjwa kurudi kupigwa mionzi. Lakini haikai milele. Hufutwa kupisha wagonjwa wapya, mara nyingi ndani ya siku chache. CD anayopewa mgonjwa aende nayo hospitali ya rufaa kwa kawaida haina data hiyo, na mara nyingi imebeba vile vipande vinene peke yake. Hapo ndipo mtu anapokimbilia interpolesheni na kuiita dawa.

Kwa haki, macho nayo yanadanganywa. Nukta iliyo katikati kabisa ya nyingine mbili ni wastani wake, na wastani hupunguza chengachenga: kwa nukta mbili zisizotegemeana, mara 1.4 hivi, kwa nane, karibu mara 2.8. Kwa hiyo picha inatoka laini, ngazi za pembeni ya mfupa zinapotea, na ubongo wa mtazamaji unasoma ulaini kama ubora. Njia ya kyubiki hubembeleza zaidi, maana huacha kingo zikiwa kali. Bei yake ni kwamba inaweza kuruka nje ya namba zilizopimwa: pembeni ya chuma cha nyonga huweza kutokea ukanda mweusi ambao hakuna tishu iliyousababisha.

MRI, inayopiga picha kwa sumaku badala ya eksirei, ina ugomvi huo huo kwa jina lingine. Umepima nukta 256 kwa upande kwenye eneo la milimita 240, yaani milimita 0.94 kwa kila pikseli (nukta moja ya picha). Mashine inaongeza sifuri kwenye data na kukupa picha ya 512, pikseli ya 0.47. Kihesabu hiyo ni interpolesheni. Inafaa kwa kutazama, ila kuiandika kwenye ripoti ya utafiti kama uwezo wa kutenganisha vitu vya milimita 0.47 ni kujipa sifa usiyonayo.

Sisemi iachwe. CT ya mzunguko isingewezekana bila hiyo: meza inatembea huku bomba la eksirei likizunguka, kila pembe inapimwa mahali tofauti mwilini, na tangu kazi za mwanafizikia Willi Kalender na wenzake mwaka 1989 data ya kipande imekuwa ikikadiriwa kati ya vipimo hivyo. Kulaza picha ya PET (inayoonyesha dawa yenye mionzi imekusanyika wapi mwilini) yenye nukta za milimita 4 juu ya CT kunaidai pia. Na kuna mahali ambapo njia duni kuliko zote ndiyo sahihi: ramani za viungo vilivyochorwa. Kama 2 ni ini, 3 bandama na 4 figo, njia ya mstari itapita kati ya ini na figo na kukuwekea bandama upande wa kulia. Hapo tumia jirani wa karibu, na ukubali ngazi zake.

Kwa hiyo ukiandika, andika namba mbili: "unene wa kipande milimita 5, imesampuliwa upya kila milimita 1 kwa njia ya mstari." Usitegemee sana kichwa, yaani maelezo ya mwanzo, cha faili jipya la DICOM (muundo wa kuhifadhia picha za hospitali), maana ziko programu zinazojaza 1 kwenye unene pia. Fungua faili la mwanzo, lile lililotoka kwenye mashine, usome humo.