Maswali na Majibu: Safari ya Kuwa Daktari Bingwa wa Upasuaji wa Macho

Swali: Masomo haya huchukua miaka mingapi nchini Tanzania?

Jibu: Anayemaliza kidato cha sita ajiandae kwa takriban miaka kumi. Husoma shahada ya udaktari kwa miaka mitano, hutumikia mwaka mmoja akiwa daktari tarajali, kisha hurudi chuoni, kwa mfano MUHAS jijini Dar es Salaam au KCMC mjini Moshi, kusomea shahada ya uzamili ya magonjwa ya macho kwa miaka mitatu au zaidi. Wengi hufanya kazi kwanza kama madaktari wa kawaida kabla ya kurudi chuoni, jambo ambalo halina hasara, kwa kuwa kisukari na shinikizo la damu, ambayo ni magonjwa ya mwili mzima, huharibu macho pia.

Swali: Je, mwanafunzi hujifunzia kwenye macho ya wagonjwa?

Jibu: Si mwanzoni. Kifuko kinachobeba lenzi ya jicho ni chembamba kuliko unywele, na kikipasuka upande wa nyuma wakati wa kutoa mtoto wa jicho (lenzi iliyopata ukungu), uoni wa mgonjwa unaweza kuathirika. Ndiyo maana mkono hufundishwa kwanza chini ya hadubini, kwa macho ya bandia au ya wanyama waliochinjwa, na hata akiingia chumba cha upasuaji mwanafunzi hupewa hatua moja moja, mwalimu akiwa kando yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ulioshirikisha wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe, ulionyesha kwamba waliopata mazoezi mengi ya namna hiyo walipasua kifuko mara chache kuliko wenzao. Kwa maoni yangu, chuo kisichokuwa na chumba cha mazoezi hayo kinamhamishia mgonjwa gharama ya mafunzo.

Swali: Je, kila anayetibu macho ni daktari bingwa?

Jibu: Hapana. Mtaalamu wa optometria hupima uoni na kuandika miwani, wala hafanyi upasuaji. Nchini Kenya wapo pia matabibu, ambao si madaktari wenye shahada ya udaktari, waliosomea kutoa mtoto wa jicho, nao wamewafikia wengi vijijini.

Swali: Baada ya ubingwa kuna nini tena?

Jibu: Kuna ubobezi, kwa mfano wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), glakoma (presha ya macho) au macho ya watoto, ambao kwa kawaida huchukua mwaka mmoja au miwili, mara nyingi nje ya nchi. Ubobezi wa watoto unahitajika sana, kwa sababu mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho akicheleweshewa upasuaji, ubongo wake hushindwa kujifunza kuona, na miwani ya baadaye haitarekebisha hilo.