ALDH2 yako ni "kawaida": je, ini lako liko salama?

Siku hizi hapa Nairobi watu wanakuja kliniki wakiwa wameshapima jeni kwenye maabara za kibinafsi. Mmoja alinionyesha kwenye simu yake mstari ulioandikwa ALDH2, jeni ya kimeng'enya kinachosafisha sumu ya pombe, na kando yake neno "kawaida". "Daktari, si hii ina maana naweza kuendelea na bia yangu bila wasiwasi?" Hapana, na sababu zake ni nzito.

Pombe ikifika kwenye ini hugeuzwa kwanza kuwa asetaldehaidi. Hii hushikamana na protini na kuharibu DNA. Tangu 2009, ile itokanayo na unywaji imo kwenye orodha ya WHO ya visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Kimeng'enya cha ALDH2, kilicho ndani ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli), ndicho huigeuza kuwa asetati isiyo na madhara hayo. Vilevile husafisha aldehaidi zinazozaliwa mafuta ya seli yenyewe yanapoharibika, kwa hiyo hata asiyeonja pombe maishani anakihitaji.

Huko Asia ya Mashariki, takriban asilimia 30 hadi 40 ya watu wana badiliko la herufi moja kwenye jeni hii. Mwenye badiliko hilo akinywa kidogo tu, uso unaiva na moyo unakwenda mbio. Kimeng'enya hiki hufanya kazi vipande vinne vikiwa vimeungana, na kipande kibovu hudhoofisha vyote. Aliyerithi nakala mbovu kwa mzazi mmoja anatengeneza vipande vizima nusu na vibovu nusu. Piga hesabu, utaona ni kundi 1 tu kati ya 16 lenye vipande vyote vinne vizima. Ndiyo maana kurithi kwa mzazi mmoja hakumwachii nusu ya nguvu bali kidogo sana.

Sasa kuna jambo ambalo natamani kila anayesoma majibu ya ini alijue. Panya walionyimwa ALDH2 kisha wakapewa pombe walikuwa na mafuta machache kwenye ini na ALT (kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia) ya chini kuliko wenzao, lakini uvimbe ulizidi, na walipoongezewa sumu nyingine ya ini, makovu nayo yalizidi. Kwa mtu tusiseme ni hivyo hivyo moja kwa moja. Hata hivyo, mimi siridhiki na ALT nzuri peke yake kwa mnywaji wa miaka mingi. Naagiza apimwe ugumu wa ini, kwa kuwa makovu hulifanya gumu.

Turudi nyumbani. Badiliko hilo ni nadra mno kwa Waafrika, kwa hiyo "kawaida" ndiyo jibu ambalo karibu kila Mkenya atapata. Halisemi lolote kuhusu makovu ambayo pombe imeshaacha. Wala halijagusa sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka.

Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugulisha watu 317 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Ini hugeuza aina moja ya sumukuvu, aflatoksini B1, kuwa kitu kikali kinachoshambulia DNA, na sehemu yake ikawa aldehaidi yenye ncha mbili za kunasa protini. Tunaweza kuikuta kwenye damu imeng'ang'ania albumini, protini ya damu. Wa kuituliza hapa si ALDH2, ni vimeng'enya vya familia nyingine, AKR7A, na hivyo havimo kwenye ule mstari wa ALDH2.

Uchunguzi wa mkasa ule ulionyesha pia kwamba waliougua walikuwa na virusi vya homa ya ini B mara nyingi zaidi kuliko majirani wasiougua. Kwa hiyo mwenye pesa ya kipimo kimoja tu, naomba aanze na cha homa ya ini B. Akikutwa hana na hajawahi kukingwa, chanjo ipo. Na mahindi yanayotoka ushago yakaushwe vizuri kabla ya kuingia gunia; yakiota ukungu yasiliwe, kwa sababu kuchemsha githeri hakuimalizi sumukuvu.