Ubora wa hewa ya ndani ni nini?

Kwetu Lamu, nyumba ikifukizwa udi mgeni husifu harufu, na mwenyeji hufurahi. Ubora wa hewa ya ndani ni jambo jingine. Ni hali ya hewa ya humo tunamopikia, tunamolala na kulelea watoto: ina moshi kiasi gani, gesi gani, unyevu na kuvu kiasi gani. Hewa yaweza kunukia vizuri na bado ikadhuru mapafu.

Kinachodhuru zaidi katika moshi hakionekani kwa macho. Ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, ndogo kuliko upana wa unywele kwa zaidi ya mara 20. Pua haizizuii. Hufika ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia damuni, ndiyo maana moshi wa jikoni hauishii kwenye kikohozi na macho mekundu. Huleta pia kichomi cha watoto, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Mtoto aliye mgongoni mama akipuliza kuni za mkoko huvuta moshi ule ule.

Makaa ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Yakishakolea hayatoi moshi, basi mvua ikinyesha watu huliingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Kumbe makaa mekundu yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Mkiumwa kichwa nyumba nzima kwa pamoja, na kizunguzungu juu yake, msiseme ni joto. Tokeni nje kwanza.

Katika nyumba za kale za mawe, jiko lilikaa juu, moshi ukapanda na kwenda zake, na kiwanda cha ndani, yaani ua ulio wazi juu, kikaingiza upepo. Nyumba ikigawanywa vyumba vya kupanga, kila mpangaji akapikia mlangoni mwake, njia hiyo huzibika.

Udi siwaambii muuache. Fukizeni madirisha yakiwa wazi, chetezo kiwe mbali na mwenye pumu. Dawa ya mbu ya kuchoma ndiyo ningeomba iondoke chumbani mwa watoto, wafungiwe chandarua.