Kwa Nini Mgonjwa wa Pafu Lililonywea Huwekewa Chupa ya Maji Sakafuni?

Anayeingia katika wodi ya majeruhi wa ajali za bodaboda jijini Nairobi huenda akamwona mgonjwa mwenye mrija unaotoka ubavuni na kuishia katika chupa ya maji iliyowekwa sakafuni. Maji hayo si dawa, wala hayaingii mwilini. Kazi yake ni kuiachia hewa itoke kifuani na kuizuia isirudi.

Hewa hiyo ilifikaje huko? Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na mbavu nazo zina utando wake kwa ndani; baina ya tando hizo mna majimaji kidogo tu, na mvuto uliomo ndio unaolikunjua pafu kila kifua kinapotanuka. Ubavu uliovunjika ukilitoboa pafu, au kisu kikipenya kifuani, hewa hujaa katikati, mvuto hutoweka, na pafu hunywea. Hali hii huwapata pia wagonjwa wa kifua kikuu, wavutaji sigara na, jambo linalowashangaza wengi, vijana wa kiume warefu na wembamba wasio na ugonjwa wowote unaojulikana.

Maumivu huanza ghafla upande mmoja wa kifua, yakazidi kila mtu anapovuta pumzi, na pumzi yenyewe ikawa fupi. Daktari akisikiliza upande huo huukuta kimya, na akiugonga kwa vidole huvuma kama ngoma. Kwa kawaida eksirei huthibitisha. Lakini mishipa ya shingo ikituna na shinikizo la damu likishuka, hewa iliyonaswa inaubana moyo, na hapo daktari hasubiri picha bali huitoa hewa kwa sindano papo hapo.

Hewa ikiwa kidogo, mwili huweza kuifyonza wenyewe huku mgonjwa akiangaliwa. Ikiwa nyingi, ganzi hudungwa na mrija hupitishwa kati ya mbavu, chini ya kwapa, ncha yake ya pili ikizamishwa majini, njia ambayo daktari Mjerumani Gotthard Bülau aliitumia tangu karne ya 19. Mgonjwa akikohoa, mapovu hutoka. Akivuta pumzi, maji hupanda kidogo tu mrijani. Ndiyo sababu nawasihi wanaokuja kuwajulia hali wagonjwa wasiiinue chupa hiyo na kuiweka kitandani, hata kwa nia ya kusafisha sakafu: ikipita usawa wa kifua, maji yaweza kutiririka ndani. Mapovu yakikoma na eksirei ikionyesha pafu limekunjuka, mrija huondolewa.