Bango la huduma: poti inakwambia nini ukiisoma kwa skripti ya soketi

Huduma nyingi za mtandao ukishaunganishwa nazo tu zinajitaja zenyewe kabla hujaomba kitu, na huo mstari wa kujitaja ndo tunauita bango. Mfano poti 22 (poti ni namba ya mlango wa huduma kwenye mashine, na 22 ni ya SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali) ya seva ya Ubuntu 22.04, aina ya Linux, inaweza kukurudishia SSH-2.0-OpenSSH_8.9p1 Ubuntu-3ubuntu0.10, yaani hujaweka hata paswedi na ushajua protokali, programu na mfumo unaoendesha hiyo mashine. FTP (ya kuhamisha faili) kwenye 21 na SMTP (ya kutuma barua pepe) kwenye 25 nazo zinaanza na namba 220 halafu salamu.

Skripti yenyewe fupi sana. Kwenye Python unatengeneza soketi (ncha ya muunganisho ambayo programu inatumia kutuma na kupokea data), unaweka settimeout(3) ili isisubiri zaidi ya sekunde tatu, unaita connect kwa anwani na namba ya poti, kisha recv(1024) ya kupokea data, unachapisha kilichokuja. Hiyo settimeout usiiache, bila hiyo poti moja iliyonyamaza itaigandisha skripti nzima. Na kwenye decode, yaani kugeuza baiti kuwa maandishi, weka errors="replace", maana hifadhidata ya MySQL kwa mfano kwenye 3306 inatuma baiti ambazo zingine siyo maandishi, toleo utaliona humo humo katikati.

Sasa wengi wanakwama poti 80, wanaunganisha, wanasubiri, hakuna kitu, wanasema imefungwa. Haijafungwa bwana, connect ikikubali ujue iko wazi, ila HTTP, protokali ya kurasa za wavuti, inangoja wewe uanze kuongea. Tuma HEAD / HTTP/1.0 ikifuatiwa na \r\n\r\n, ndo utaona vichwa vya majibu na pengine mstari wa Server. 443 inataka TLS kwanza, yaani usimbaji wa mawasiliano, kwahiyo pitisha soketi kwenye moduli ya ssl.

Kitu ambacho watu hawakizingatii ni kusoma bango lote mpaka mwisho. Julai 2024 ilitangazwa hitilafu kubwa ya usalama ya OpenSSH, namba yake ya utambulisho CVE-2024-6387, na waliotengeneza wakairekebisha kwenye toleo 9.8p1. Ukiona 8.9p1 unaweza kudhani seva iko hatarini, kumbe Ubuntu wao wanachukua marekebisho wanayaingiza kwenye toleo lile lile la zamani bila kupandisha namba kubwa, na kwa 22.04 marekebisho hayo yaliingia kwenye hiyo 3ubuntu0.10 ya mkiani. Skripti inayokata mkia itakupa ripoti ya uongo, utamsumbua admini bure. Tena bango linaweza kubadilishwa au kufupishwa, seva ya wavuti ya nginx kwa mfano ukiweka server_tokens off inaficha toleo lake, kwahiyo lichukue kama dalili.

Jaribu kwenye 127.0.0.1, yaani kompyuta yako hiyo hiyo, au seva zako, za watu omba ruhusa kwanza. Na kama mashine ni yako hakikisha kwa dpkg -l openssh-server, hapo unaona toleo kamili la pakiti iliyowekwa.